Mafua makali ndani ya muzigo: hesabu siku zako

Mvua za Septemba zikishaanza, usiku hapa Kawempe, mjini Kampala, hausikii redio ya jirani, unasikia kikohozi chake. Nyumba zetu ni zile za chumba kimoja kimoja zilizopangwa mstari, Waganda wanaita muzigo, na ukuta ni tofali moja tu. Nimekaa hapa miaka mingi kiasi kwamba namjua mtu amefika siku ya ngapi kwa sauti ya kifua chake: kikavu cha siku ya pili, kizito cha siku ya sita, kile cha kukwaruza cha wiki ya pili ambacho mwenyewe ameshakizoea lakini sisi bado hatujalala.

Waganda wanaiita senyiga. Sisi tuliolelewa kambini, Kiswahili kikiwa lugha ya gwaride na ya uji, tunaiita mafua. Tatizo ni kwamba jina hilohilo moja linabeba mafua madogo ya kupenga makamasi siku mbili na yale makali ya virusi vya influenza yanayomlaza mtu chini kama gunia. Na hapa kwetu nyuma yao kuna malaria, ambayo haina msimu wa kupumzika.

Miaka mitatu iliyopita yalinipata hayo makali. Nikaenda duka la dawa, muuzaji akanifunua jicho akasema, "Dada, macho mekundu hivi ni malaria hiyo, usipoteze pesa ya kipimo." Nikameza dozi nzima. Siku ya nne homa ikashuka, nikarudi kumshukuru. Ingeshuka hata kama ningemeza njugu. Miezi michache baadaye mwanangu akashikwa na joto, nami kwa kuwa sasa nimekuwa fundi, nikasema ni senyiga, siku ya nne itapita. Ilikuwa malaria, na tulifika hospitali usiku amelegea begani kwangu. Tangu hapo sibahatishi. Naandika tarehe ukutani kwa mkaa, napima, halafu nahesabu siku. Mafua makali yana kalenda yake. Homa ikikataa kuifuata, hiyo si mafua tena, au si mafua peke yake.

Siku ya kwanza: andika tarehe, kisha kapime

Mafua madogo huanzia puani, pole pole: kuwashwa koo leo, chafya kesho. Haya makali yanakuangusha kwa saa. Mimi nilikuwa nakaanga mandazi saa kumi jioni nikiwa mzima. Saa kumi na mbili nilikuwa nimejifunika blanketi mbili na meno yanagongana. Homa ya 38 au 39, kichwa kizito, mgongo na mapaja kuuma kama umelima, koo, kikohozi kikavu, hamu ya chakula hakuna. Aliyekuambukiza huwa ulikutana naye siku moja hadi nne kabla, mara nyingi siku mbili. Usimtafute. Pengine mlibanana kwenye teksi ya watu kumi na wanne, vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua.

Dalili hizo, ukitoa makamasi na koo, karibu zote ni za malaria pia. Kwa hiyo siku hiyohiyo, au kesho yake asubuhi, kapime. Vituo vya afya vya serikali hupima bure, na vijijini wengi wa wale wahudumu wa kujitolea tunaowaita VHT wana vipimo vya haraka, hasa kwa ajili ya watoto. Ni tone la damu la kidoleni, unasubiri kama dakika 15 hadi 20. Uombe ukione kijibao chenyewe. Mstari mmoja kwenye C maana yake kipimo kimefanya kazi na malaria haikuonekana. Mistari miwili, unayo, hata ule wa pili ukiwa hafifu. C ikikosa mstari, kipimo ni kibovu, kirudiwe. Kama ulitibiwa malaria ndani ya mwezi uliopita mwambie mpimaji, kwani vipimo hivi vya haraka vinaweza kuendelea kuonyesha malaria iliyokwisha kufa. Hapo utahitaji kipimo cha hadubini.

Kuwa na makamasi hakukuondolei haja ya kupima. Mtu anaweza kubeba malaria na mafua kwa pamoja, kama anavyobeba jerikani mbili. Ukikutwa na malaria unameza dozi yote ya siku tatu, hata ukijisikia mzima siku ya pili, na dozi ya pili unaimeza saa nane baada ya ile ya kwanza, si "jioni" ya kukisia.

Jambo jingine ambalo nchi yetu imelijua kwa uchungu: Ebola nayo siku za mwanzo hufanana na homa yoyote. Ilitangazwa Mubende Septemba 2022, na Kampala yenyewe Januari 2025. Wakati hakuna mlipuko, usijitie hofu. Lakini wizara ikitangaza mlipuko, nawe umemuuguza mgonjwa, umeosha maiti au umegusana na mtu aliyekufa kwa homa isiyoeleweka, usipande boda wala teksi. Piga simu ya bure ya wizara ya afya, 0800-100-066, ueleze, na ukae mbali na watu hadi waje.

Dawa: soma ile bahasha

Kipimo kimesema si malaria. Sasa unaingia duka la dawa, na hapa ndipo pesa yako inapoliwa. Utapewa kibahasha cha karatasi, juu yake kwa kalamu ya wino: 2x3, 1x3, 1x1. Ndani kuna vidonge vyeupe, vidonge vya manjano na kapsuli za rangi mbili, vyote vimechanganyika, hakuna jina hata moja. Usilipe mpaka uulize kila kimoja kinaitwaje na kinafanya nini. Muuzaji mzuri hakasiriki.

Vyeupe mara nyingi ni paracetamol, na hivyo ndivyo unavyovihitaji. Mtu mzima: vidonge viwili vya miligramu 500, ukirudia baada ya saa sita kama bado inauma au homa imerudi, na visizidi vinane kwa siku nzima. Mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa kila siku wa waragi, ile pombe kali yetu, aulize kwanza, maana kwake kiwango kiko chini. Angalia pia zile dawa za mafua za pakiti, za unga na za vidonge: nyingi tayari zina paracetamol ndani. Ukizichanganya na vidonge vyako unajiongezea dozi bila kujua, na ini halipigi kelele mapema.

Vya manjano huwa ni vile vya kukausha makamasi, tunaita Piriton. Vinaleta usingizi. Mwendesha boda asivimeze asubuhi halafu akapanda barabara ya Bombo.

Kapsuli za rangi mbili ni antibayotiki. Zirudishe. Antibayotiki inaua bakteria, na mafua ni virusi, kwa hiyo unanunua kitu ambacho hakina kazi ya kufanya mwilini mwako isipokuwa kukuharisha na kuwafundisha bakteria wako ujanja wa kuikwepa siku utakapoihitaji kweli. Ile nusu dozi ya siku mbili "kwa kuwa pesa haitoshi" ni mbaya zaidi.

Sindano pia, kataa. Bado kuna watu wanaoamini homa haitoki bila kuchomwa makalioni, na wapo watoto nchini mwetu waliolemaa mguu kwa sindano za namna hiyo. Na aspirini usimpe mtoto wala kijana aliye chini ya miaka 16 mwenye mafua, inaweza kumletea ugonjwa wa hatari wa ubongo na ini.

Kuna dawa halisi ya kupambana na virusi vya influenza, oseltamivir. Haipo kila duka, inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 za mwanzo, na wanaoihitaji hasa ni wale walio hatarini. Nitawataja chini.

Bibi wa mlango wa tatu ataleta mululuza. Atakuja na kikombe cha majani yaliyotwangwa, kijani kibichi, kichungu kiasi cha kukunja uso mpaka kesho, naye atasimama akikuangalia umalize. Mshukuru, ukipenda kunywa unywe, mimi hunywa kidogo kwa heshima. Ila mululuza haichukui nafasi ya kipimo cha malaria. Kujifukiza ndiko ninakokukataa kabisa chumba chenye watoto. Beseni la maji yanayochemka, chini ya blanketi, sakafuni, mtoto anapita mbio: nimeona mguu ulioungua kwa namna hiyo, na makovu yake yamekaa kuliko mafua yoyote. Mvuke haui virusi. Kama pua imeziba, mimina chai ya moto kwenye kikombe, ushike kwa mikono miwili, unuse polepole, halafu unywe. Umepata vyote viwili.

Siku ya pili na ya tatu: kulala ndiyo kazi

Hizi ndizo mbaya zaidi. Homa inapanda na kushuka, jasho, ndoto za ovyo. Usiende kazini kwa kujikaza. Naelewa, asiyetembeza hali. Mimi nikifunga kibanda siku moja hakuna anayenilipa. Lakini ukienda soko la Owino na homa ya 39 utauza vibaya, utarudi umeambukiza mstari mzima, na siku tatu za kulala zitageuka saba. Mpigie mwenzako ashike kibanda nusu kwa nusu. Heri nusu.

Kunywa kidogo kidogo na mara kwa mara: maji yaliyochemshwa, chai mkavu (isiyo na maziwa) yenye tangawizi na ndimu, uji mwepesi, maji ya matunda. Angalia mkojo wako. Ukiwa wa njano iliyokolea, hunywi vya kutosha. Ukitapika au kuharisha, nunua ile chumvi ya kuchanganya kwenye lita moja ya maji. Ukikosa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu, kwa lita moja ya maji safi. Mkojo wa mtoto ukigeuka rangi ya chai mkavu au ya kola, hiyo si kiu. Wazazi wa Mbale na Soroti, kule mashariki mwa nchi, wanaujua vizuri mkojo huo, ni malaria kali inayovunja damu. Hospitali, sasa hivi.

Kula si lazima kula sahani ya matooke iliyojaa. Mchuzi wa mukene (dagaa), ile supu iliyopondwa vizuri yenye nyanya, na kipande cha posho (ugali) laini, vinashuka. Asali inatuliza kikohozi kuliko dawa nyingi za chupa, kijiko kimoja kabla ya kulala, lakini kamwe usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Sasa suala la chumba kimoja. Vitabu vinasema mgonjwa akae chumba chake. Chumba gani? Sisi ni watano, kitanda kimoja na mkeka. Tunachofanya ni hiki. Mgonjwa analala upande wa dirisha, na dirisha linabaki wazi hata mvua ikinyesha, kwa pazia na neti. Wanaolala naye kitanda kimoja wanalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, ili pumzi zisikutane. Kikombe chake kina uzi mwekundu umefungwa kwenye kishikio. Anakoholea kwenye kiwiko au kitambaa kinachofuliwa kwa sabuni kila siku, si kwenye kiganja, kwa kuwa kiganja ndicho kitakachoshika kitasa cha mlango, simu na kopo la sukari, na virusi hivi vinaweza kudumu siku moja hadi mbili juu ya vitu vigumu kama hivyo. Weka jerikani dogo lenye tundu na sabuni nje ya mlango kama tulivyofanya wakati wa korona mwaka 2020. Wengi waliyatupa. Langu bado lipo.

Mgonjwa huanza kuambukiza siku moja kabla hajajijua na huendelea hadi siku ya tano au ya saba, watoto zaidi. Kwa hiyo hutazuia kila kitu. Unapunguza tu, na unamlinda kwanza yule dhaifu: kama kuna kichanga au bibi ndani, ndiye wa kumhamishia kwa jirani mzima, si mgonjwa.

Na sigiri isilale ndani. Baridi ya mvua na homa vitakushawishi uiingize na ufunge mlango. Mkaa unaotaka kuzimika hutoa hewa isiyo na harufu inayoua familia nzima usingizini, na kabla ya kuua huleta kichwa kuuma na kichefuchefu, dalili ambazo mgonjwa wa mafua atadhani ni mafua. Pikia nje, chini ya paa la bati.

Mtoto: mhesabu pumzi

Mtoto hakuambii. Mkalishe mapajani akiwa ametulia, halii, hanyonyi. Inua fulana hadi kifuani. Weka simu kwenye dakika moja na uhesabu tumbo linavyopanda. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Miezi miwili hadi kumi na moja, 50. Mwaka mmoja hadi miaka mitano, 40. Kisha tazama chini ya mbavu: zikibonyea ndani kila anapovuta hewa, anahangaika. Lolote kati ya hayo, mpeleke leo, usisubiri kesho. Vilevile akikataa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akiwa amelegea hata ukimwita haamki vizuri. Kichanga cha chini ya miezi miwili chenye homa hakingojewi dalili nyingine. Paracetamol ya mtoto hupimwa kwa kilo zake, si kwa "nusu ya kidonge changu", kwa hiyo apimwe uzito kwanza.

Wasiongoja siku ya nne

Wajawazito, wazee, wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, wanaoishi na VVU, na watoto wadogo: hawa waonane na mhudumu mapema, siku ya kwanza au ya pili, na waulizie ile oseltamivir. Anayetumia ARV asiruke hata dozi moja kwa sababu ya kutapika, aombe ushauri. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi, kwani homa huipandisha. Mwenye siko seli akipata homa aende hospitali siku hiyohiyo, iwe ni mafua au si mafua.

Mtu mzima yeyote akishindwa kupumua vizuri, akisikia maumivu ya kubana kifua, akichanganyikiwa, akizimia au midomo ikigeuka rangi, mpeleke. Kituo cha ngazi ya tatu kina maabara. Kama mtu anahangaika kupumua, uliza kwanza kwa simu wapi kuna oksijeni, usije ukazunguka na mgonjwa mgongoni mwa boda. Beba kile kidaftari chake cha matibabu, na tarehe ile ya ukutani.

Siku ya nne hadi ya saba

Siku ya tatu au ya nne homa hushuka. Utaamka umelowa jasho, kichwa chepesi, unataka rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, na chai ya maziwa. Kula, ila usikimbilie kazini. Ngoja saa 24 kamili bila homa na bila kumeza paracetamol, ndipo utoke. Anza na nusu siku. Mpira wa jioni na kubeba magunia viache hadi wiki ipite. Mwili uliotoka vitani unachoka kwa ngazi tu.

Hapa ndipo ile tarehe inapolipa. Homa ikifika siku ya tano haijashuka, rudi ukapime tena, malaria na mengine. Na kama ilishuka, ukapata nafuu siku moja mbili, halafu ikarudi na baridi, kikohozi cha makohozi ya njano au damu, na maumivu ya ubavu ukivuta hewa, hiyo ni dalili ya nimonia iliyoingia mlango ulioachwa wazi na mafua. Sasa ndipo antibayotiki ina kazi, na iandikwe na mtu aliyekusikiliza kifua.

Wiki ya pili

Uchovu na kikohozi kikavu vinaweza kukaa wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Moshi unavirefusha, wa sigara na wa kuni. Safisha chumba: fua shuka na neti, anika blanketi juani, tupa vidonge vilivyobaki visivyo na jina badala ya kumwekea jirani.

Kwa anayetaka kujikinga mwakani, chanjo ya mafua hupatikana katika baadhi ya hospitali na kliniki za binafsi Kampala. Inachukua kama wiki mbili kujenga kinga na hurudiwa kila mwaka, kwa sababu virusi hubadilika. Wanaovifuatilia hapa nchini ni ile taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, iliyoanza mwaka 1936 kwa kazi ya homa ya manjano.

Kikohozi kikitimiza wiki mbili, usinunue chupa nyingine ya dawa. Nenda ukapime kifua kikuu. Kipimo na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali, na ukiwa na VVU au umepungua uzito usingoje hata hizo wiki mbili. Omba kikopo siku moja kabla, uamke nacho, usukutue mdomo kwa maji matupu, utoke nje penye hewa mbali na watoto, ukohoe kutoka ndani kabisa. Mate hayafai, wanataka kohozi, na lile la alfajiri ndilo zuri. Ukifika mapema utakuta foleni bado fupi.